Jiwe Jeupe Nililolisimamisha Mimi

Adimini, jina langu lifiche vizuri. Nina miaka sabini na moja, meno manne, mke mmoja anayenitosha kwa kelele, na naishi kisiwa kidogo karibu na Kudha. Darasani nilifika la tatu, kwa hiyo mkikuta makosa yamezeni hivyo hivyo.

Siku hizi maji ya huku ndani ya mwamba yamekuwa moto, matumbawe yamekufa yakawa meupe, samaki wamehama. Vijana wetu wanavua nje ya mwamba. Kurudi kuna mlango mmoja mwembamba, na ukoo wetu tunaupata kwa jiwe la chokaa alilolisimamisha babu yangu ufukweni. Ukiliona limekaa sawasawa chini ya mnara wa msikiti, pita. Likienda kando, mbele yako ni mwamba.

Miaka yote nimewacheka majirani ambao bahari imekula kuta zao. Niliwaambia jiwe la babu lina adabu kuliko nyumba zao. Basi juma lililopita bamvua, yale maji makuu, ikalibeba. Nilitoka sala ya alfajiri sikulikuta. Wallahi niliona aibu. Nikatafuta jingine, nikalisimamisha pembeni penye mchanga mkavu, kwa kukisia tu, nikalipaka chokaa, nikanyamaza.

Juzi mwanangu Shee alikuwa anarudi na mkwe wangu. Akalifuata jiwe. Mashua ikapasukia mwambani, mkwe akavunjika mguu. Shee akanijia na chumvi mwilini, akaniuliza mbele ya watu kama alama imesogea.

"Kilichosogea ni macho yako," nikamwambia. "Ulikuwa unamtafuta mkeo ufukweni?"

Watu wakacheka. Yeye akainama.

Jana nilikwenda kulirudisha jiwe mahali pake. Mahali pake pamekuwa bahari. Hata maji yakitoka yananifika kiunoni. Ufukwe wote wa pale umekwenda na sijui tena pa kuliweka, mimi wanayeniita mwalimu wa alama. Nikisema, binti yangu ataniangaliaje, na mumewe kalala na mguu wake? Na Shee atarudi nyumbani kwa njia gani?

Kesho anatoka tena, kwa mashua ya kuazima. Jioni hii amekuja na heshima zake zote.

"Baba, nipakie lile jiwe chokaa mpya. Safari hii nitalikazia macho."

Chokaa nimeshaikoroga, iko hapa miguuni. Enyi mnaosoma, mwenye akili kuliko mimi aniambie kabla hakujakucha: nifanyeje?