Balbu za LED kwenye gari la zamani, na asubuhi niliyomwaga mbaazi za Bi Rukia

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Jukwaa hili la magari nalisoma siku nyingi, nachungulia tu na kuondoka. Lakini juzi mtu aliuliza humu kama aweke balbu za LED kwenye gari lake la zamani, nusu ya jukwaa ikamjibu, na mimi nikanyamaza ilhali nina la kusema. Limenikaa rohoni tangu siku hiyo.

Yamenikuta mwenyewe haya. Sitajipendelea popote, mtaona.

Mimi ni mtu wa bara, Mkamba, lakini Mombasa nina miaka ishirini na tatu. Ni karani bandarini. Naishi na mke wangu Mwende kwenye uchochoro mmoja unaotokea barabara ya Ndia Kuu. Gari ni station wagon nyeupe, mkono wa pili, umri wake tuuache.

Kuna adabu moja ya mtaani kwetu lazima muijue ndio muelewe kisa.

Uchochoro wetu ni mwembamba, na jioni watu hukaa barazani nje ya nyumba zao, miguu yao shibiri mbili tatu kutoka tairi lako. Ukiingia na gari baada ya magharibi unazima taa kubwa, unabaki na zile ndogo. Unashusha kioo. Unakwenda polepole, na kila baraza unaisalimia. Si kupunga mkono kama mwanasiasa. Unamtaja mtu kwa jina, unamuuliza hali, anakujibu, ndio unasonga.

Anayepita na taa kali bila salamu ametukana watu, hata kama hakufungua mdomo.

Mimi adabu hiyo niliishika. Ilinichukua miaka, mpaka siku moja Mzee Athmani wa nyumba ya tatu, mtu mwenye mdomo mkali ajabu, akawaambia wenzake, "Huyu wa bara atushinda adabu sisi wenyewe." Nilifika nyumbani nikamrudia Mwende maneno hayo mara tatu. Nina vyeti vya kazi ukutani, lakini hakuna nilichokithamini kama hicho.

Sasa tuje kwenye taa.

Mwaka jana nilianza kuona taa zangu hafifu. Nikaangalia vioo vyake, vimegeuka manjano. Jua la Mombasa na chumvi ya bahari haviwachi kitu. Nikafanya kile mnachoshauriana humu kila siku, nikasugua na dawa ya meno. Vikang'aa siku nne. Mwende akaniuliza kama gari nalo limeota meno.

Nikaenda kwa msasa. Hapa nawapa ushauri wa bure: anza na wa namba mia nane, kisha elfu moja, kisha elfu mbili, muda wote ukimwagia maji. Ukimaliza usiwache hivyo. Pulizia ile dawa ya kukinga jua, la sivyo baada ya miezi michache manjano yatarudi, tena mabaya zaidi. Kazi yenyewe haitaki fundi, inataka subira na Jumamosi moja.

Vioo vikawa safi kama vya gari jipya.

Na bado sioni vizuri.

Ndio nikanunua LED kwenye duka la spea Makadara. Muuzaji aliniapia kwamba nikiziwasha nitaona mpaka Likoni. Nikazifunga mwenyewe, nikachubuka vidole vyote vya mkono wa kulia kwa sababu aliyeunda gari lile hakufikiria kwamba binadamu ana mkono. Nilipowasha, ukuta wa jirani ukawa mchana kweupe.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Kile kikombe kinachong'aa nyuma ya balbu kimepimwa kwa ajili ya ule waya mdogo ndani ya balbu ya halojeni. Ukiweka LED, mwanga hautokei mahali palepale, kwa hiyo unatawanyika. Sehemu kubwa inapanda juu, machoni mwa watu. Wewe unaona weupe mwingi karibu na bampa unafikiri umepata. Barabara mbele iko vilevile.

Tuktuk zikaanza kunimulika kwa full, zile taa za juu, kutoka Makadara mpaka mlangoni kwangu.

Uchochoroni ndio mbaya zaidi. Nikibaki na taa ndogo kama adabu inavyotaka, sioni kitu kabisa. Kwa hiyo nikawa naingia na taa kali, mikono imekaza usukani, naomba Mungu nisikanyage mguu wa mtu. Nyuso za watu barazani zilikuwa ukungu tu. Niliogopa kumwita Mzee Athmani kwa jina la mtu mwingine, basi nikanyamaza. Baadaye nikaanza kupandisha kioo kabisa. Nilijiambia ni kwa ajili ya AC.

AC hiyo ilikufa siku nyingi, wakuu.

Maneno yakaanza. Mzee Athmani alikuwa akiniona naja, anavua kofia yake anajikinga nayo usoni mpaka nipite. Siku moja nikamsikia kupitia kioo kilichofungwa, "Gari lishampanda kichwani. Ubara umemrudia." Hilo liliniuma. Nilishindwa kula. Mwende alipouliza nikamwambia chakula kina chumvi.

Ikaja ile asubuhi.

Bi Rukia anauza mahamri na mbaazi kwenye kona ya uchochoro wetu. Nilipofika Mombasa sijui mtu, yeye ndiye aliyekuwa akinikalisha kwenye ubao wake na kunilisha kabla sijaenda kazini. Namwita mama, na simaanishi kwa adabu tu.

Nilikuwa na shifti ya mapema, jua halijatoka, mvua imenyesha usiku. Nakata kona, sioni mtu. Sioni mtu kabisa, nawaambia. Mara kitu kikameta mbele ya taa, sufuria mikononi mwa mtu. Nikakanyaga breki, gari likateleza kwenye matofali ya kabro yaliyolowa, bampa likagusa sufuria, sufuria ikaruka, mbaazi zikamwagika. Bi Rukia akakaa chini kitako katikati ya njia.

Nikashuka mbio. "Mama! Umeumia?"

Akavuta buibui yake ikafunika miguu. Kisha akasema, "Sikuumia. Enda kazini, utachelewa."

Nikamwinua, nikamkalisha kwenye ubao wake, nikamwahidi sufuria nyingine, nikaenda. Naandika sentensi hiyo na aibu yake. Nilienda kazini.

Siku zilizofuata kila mtu alikuwa na mkosaji wake. Mzee Athmani alisema ni zile taa za shetani. Fundi wangu wa Majengo akainama, akasema ni tairi. Mimi nilisema ni vyote viwili, na moyoni nikaongeza la tatu, kwamba kwa nini mwanamke avae buibui nyeusi gizani akavuke njia? Ndiyo, niliwaza hivyo. Kuhusu mama yule yule.

Lakini fundi hakukosea. Tazameni ubavuni mwa tairi zenu kuna namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Zangu hazikuwa kipara, kashata zake, yale meno ya mpira, zilionekana nzuri, ila zilikuwa na miaka tisa. Mpira ukikaa juani miaka hiyo unakuwa mgumu, na kwenye kabro yenye maji ni kama umevaa viatu vya mbao. Nikabadilisha zote nne. Nikabadilisha na breki za mbele mwenyewe. LED nikazitoa, nikarudisha halojeni mpya.

Ikabaki kulenga taa. Hiyo nayo unaweza kufanya mwenyewe. Kwanza jaza upepo sawa, tairi zikiwa hazijapata moto, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Upepo ukiwa kombo, gari linainama na taa zinainama nalo. Tafuta sakafu tambarare na ukuta, rudi nyuma hatua kumi hivi, pima kimo cha taa, weka alama ukutani. Ukiwasha dim, zile taa za chini, ukingo wa mwanga ukae chini kidogo ya alama.

Tulitumia ukuta mweupe wa kanisani kwetu, Jumapili jioni jua likiisha kuzama. Mimi kwenye usukani, Mwende ukutani na utepe wa karatasi.

Nikawasha. Nikamwambia abandike pale ukingo ulipo.

"Si huu hapa," akasema, akaweka kidole.

Mimi sikuona ukingo. Niliona mwanga una nywele nywele, umevimba, unaishia hakuna mahali. Nikamwambia balbu hizi nazo ni feki. Akasema mstari umenyooka kama umepigwa na rula. Nikambishia. Nikashuka na bisibisi nikazungusha skrubu, nikarudi kukaa, ni vilevile. Nikamwambia haoni, mimi nikamwambia mke wangu haoni!

Mwende aliuacha utepe ukutani. Alikuja mpaka dirishani, akanyoosha mkono, akanifunika jicho la kulia na kiganja chake.

Ukuta ukapotea.

Sikuwa nimewahi kufunga jicho moja kupima. Nani hufanya hivyo? Alipouondoa mkono tulibaki tukiutazama ukuta, taa zinawaka. Halafu mke wangu akasema, "Shuka, niendeshe mimi."

Kliniki ya macho wakaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limekomaa. Daktari akasema nisiguse usukani mpaka nifanyiwe upasuaji. Mwende alikuwa ameshaziweka funguo kwenye mkoba wake.

Basi nikawa natembea kwa miguu. Jioni ya kwanza nilisimama mbele ya baraza ya Mzee Athmani nikamwambia yote, kwamba sikuwa nampita kwa kiburi, sikuwa namwona. Nilitegemea anitolee maneno yake. Akavua kofia, akaishika mikononi, kisha akasema, "Sasa mbona hukusema? Si tungekuanza sisi kwa salamu."

Tangu hapo nikiingia uchochoroni sauti zilikuwa zikinitangulia, kila mtu anajitaja mwenyewe. "Ni mimi Athmani, baba." Nilikuwa nafika nyumbani nimewajibu wote kwa majina.

Jicho la kushoto nimefanyiwa miezi miwili iliyopita. Bandeji ilipotoka, asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Rukia. Nikakaa ubaoni kama zamani. Nikamwona usoni, nikaona amezeeka, na mimi sikuwepo alipokuwa akizeeka. Nikainamisha macho.

Nikaona mguu wake. Kuanzia kifundo mpaka vidoleni ngozi imekunjamana, rangi imetoka. Kovu la moto.

Nikamuuliza limetoka wapi, na jibu nilishalijua kabla sijamaliza.

"Si zile mbaazi," akasema. "Zalikuwa zatoka jikoni."

"Mama, nilikuuliza, ukasema hukuumia!"

"Baba, wewe waliuliza ukiwa watazama taa ya gari kama imevunjika." Akaniwekea mahamri mawili kwenye sahani. "Nalisema, huyu hata kuniangalia haniangalii. Nimwambie nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa naona. Ni kweli, sikuwa naona. Lakini taa niliiona, wakuu. Ile taa niliikagua mpaka nikaridhika haina ufa.

Sikujitetea. Nilimshika mkono nikalia pale pale kwenye kona, watu wakipita kwenda kazini, na yeye ananiambia nile mahamri kabla hayajapoa.

Sasa naendesha tena, mchana tu, mpaka jicho la kulia nalo lifanyiwe. Bi Rukia sasa ndiye wa kwanza ninayemwangalia kila asubuhi, uso kwanza, kisha mguu.

Kwa yule ndugu aliyeuliza: halojeni nzuri, kioo safi, taa iliyolengwa vizuri, inakutosha. Tazama namba za tairi leo leo. Na kabla hujanunua balbu yoyote, simama mbele ya ukuta mweupe, funika jicho moja, kisha funika la pili. Fanyeni wote mnaosoma hapa, na mmpime na anayewaendesha.

Kisha niandikieni hapa chini mmeona nini.