Bwana Vumbi wa Mtoni

Wasomaji wangu, Bwana Vumbi wa Mtoni amefariki. Mdogo wake mwenye duka la mchele alinipigia simu juzi asubuhi, na nilipokwisha kusema inna lillahi sikuwa na la kuongeza, maana marehemu sikumpenda. Alikuwa mkaidi na mharibifu wa shughuli za watu. Mwaka mmoja, jioni ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani, fundi baiskeli wa mtaani alipaza sauti kwamba ameuona mwezi. Watoto wakaanza kupiga makopo, na mimi nyama ya pilau nilishanunua. Imamu akataka shahidi wa pili, macho yote yakamgeukia marehemu, mtu wa darubini. "Braza, si unauona ule pale?" fundi akamwuliza. "Sijauona mie. Naona wingu." "Sema tu basi, watu wale sikukuu!" "Nyie kuleni. Mie sijauona." Kesho yake nilifunga nikiwa na hasira kuliko njaa.

Kazi yake ilikuwa Ncha ya Kusini, kwenye barafu, ambako hewa ni kavu na darubini huona vizuri. Yeye na wenzake walipima mwanga mkongwe kuliko nyota zote, masalia ya siku ulimwengu ulipoanza. Mwanga huo hutetemeka ukielemea pande fulani, na humo walitumaini kukuta alama ya mwanzo wenyewe. Siku moja ikavuma kwamba alama imepatikana. Nikatenga safu nzima kumsifu mtoto wa Temeke, nikampigia simu. "Usiandike," akasema. "Ni vumbi." "Vumbi gani?" "La katikati ya nyota. Mwanga wake unaelemea vilevile. Unadhani umeona mwanzo, kumbe umeona vumbi." Nikamwambia vumbi hata Manzese lipo, hakuwa na haja ya kupanda ndege. Hakucheka. Wenzake walitaka jina lake kwenye tangazo, akakataa, wakamwondoa kazini. Akarudi Mtoni kupima mchele dukani kwa mdogo wake, na mtaa ukampa jina hilo la Vumbi. Akipita, watu walijifanya wanapiga chafya. Baadaye wenzake walikiri kuwa lilikuwa vumbi kweli, lakini hawakumwita arudi.

Juzi, baada ya maziko, wapiga chafya wale wale walikuwa wa kwanza kwenye sinia, kila mmoja akijidai rafiki wa marehemu. Nilichukia. Mdogo wake akanishika mkono: "Andika basi, kaka yangu ndiye aliyeuona mwanzo wa dunia. Keshakufa, nani atabisha?" Fundi baiskeli akadakia: "Andika, mzee. Mie shahidi." Tuna mashahidi wengi wa mambo wasiyoyaona, na tunawapa vipaza sauti na vyeo. Anayesema sijaona ndiye tunayemwita mbaya wetu. Sikumpenda marehemu, na sitaanza leo kwa kuwa amekufa, lakini sitamsingizia. Alitazama miaka yote ile kwenye baridi, hakuuona mwanzo wa dunia, akasema hajauona. Nawe msomaji, ukiulizwa na hujaona, sema hivyo hivyo, sikukuu ingoje.