Foleni Inayojisogeza

Kazini walimwita Chapuchapu, maana hata chai aliinywa amesimama. Binti huyo alikuwa mtengenezaji wa tovuti. Aliyemlea ni shangazi yake, fundi cherehani ambaye masikio yake yalizidi kuwa mazito mwaka hadi mwaka.

Shangazi alihudhuria kliniki ya macho. Pale muuguzi husimama mlangoni akiita majina, na asiyeitika hurukwa. Siku moja Shangazi alikaa benchi la mbele tangu asubuhi mpaka chumba kikafungwa. Aliitwa, hakusikia.

"Walidhani nimeondoka," alisema jioni akivua viatu, kisha akajifanya anatafuta uzi kikapuni.

Kesho yake Chapuchapu alikwenda kumwomba muuguzi mkuu ruhusa ya kutengeneza ukurasa wa foleni, ambao kila mgonjwa angeufungua kwenye simu yake.

"Sawa, ilimradi usiniongezee kazi," muuguzi akasema.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na rangi nzuri na mishale inayocheza. Kwenye simu ya Chapuchapu uliteleza kama siagi. Kwenye simu kuukuu ya Shangazi uliganda.

"Mwanangu, kitu chako kimelala," Shangazi alisema, akamrudishia simu.

Ilimuuma Chapuchapu. Alipotulia akaliona kosa: kupanga, kuhesabu na kuchora, kazi yote alikuwa ameitwika simu. Akafuta karibu kila kitu, akaanza upya. Safari hii kompyuta kuu ya kliniki, yaani seva, ndiyo ingefikiri. Simu ingebaki imeunganishwa nayo, kama watu waliopigiana simu bila kukata, na muuguzi akibofya "anayefuata" seva ingetuma kile kipande kilichobadilika tu. Mgonjwa hana haja ya kugusa chochote.

Walipojaribu, mtandao ukakatika. Simu ya Shangazi ikaendelea kuonyesha foleni ya zamani, naye akaiamini kabisa. Chapuchapu akashtuka: Shangazi angeweza kurukwa tena, na safari hii kwa kosa la ukurasa wake. Akaongeza maandishi makubwa mekundu: "Mtandao umekatika. Muulize muuguzi." Mtandao ukirudi, seva ingeleta hali halisi yenyewe.

Siku ya kliniki walikaa pamoja, simu mapajani mwa Shangazi. Ikatetemeka. Jina lake likageuka kijani, chini yake pameandikwa: "Ingia chumba cha pili." Shangazi akasimama kabla muuguzi hajafungua mdomo.

"Nikusindikize?" Chapuchapu aliuliza, akimsogelea sikioni.

"Mlango nauona. Wewe rudi kazini, watakufukuza bure."

Akaenda peke yake, mkoba kwapani, akamsalimu muuguzi kama jirani yake. Mzee mmoja aliyekuwa benchi la nyuma, mkono umekinga sikio, alikuwa ameyaona yote.

"Binti," akamwambia Chapuchapu, "hicho kitu hata kwenye simu yangu kinaingia?"

"Kinaingia, baba. Hebu nione."

Akaketi karibu naye.