Kanga Hai Kwenye Posa ya Mwakio

Habari hii nilikuwa nimeapa kuinyamazia, na naisimulia tu kwa sababu mdogo wangu Mwakio ameanza kuwasimulia watu kila tunapoalikwa, tena anatia chumvi, anasema kanga walikuwa watatu. Alikuwa mmoja. Kanga ndege, jamani, si kanga ya kujifunga, na alikuwa hai, na nilimpeleka mimi kwa mikono yangu miwili kwenye posa, ghorofa ya nne, Thamesmead, London. Haya, nimekiri. Chekeni mmalize, nami niendelee.

Chanzo chake ni kujifanya mjuaji. Miaka michache nyuma niliomba likizo bila mshahara pale hospitalini ninapofanya kazi ya uuguzi, nikaenda kujitolea miezi saba katika kijiji kimoja kaskazini mwa Ghana, karibu na mpaka wa Burkina Faso. Nilikaa nyumbani kwa mama mmoja anaitwa Mma Azara, na maisha yangu yote yalikuwa kuamka alfajiri kupanga foleni ya maji kwenye pampu, kisha kwenda zahanati kupima uzito wa watoto wanaolia, kisha kurudi kula ugali wao na mchuzi wa bamia huku watoto wa jirani wakiniita mzungu kwa lugha yao (mimi, na weusi wangu huu wa Voi!). Salamu peke yake zilikula saa nzima. Huwezi kumpita mtu. Unachuchumaa, unaulizwa nyumbani, watoto, kazi, uchovu, na wewe unaitikia kila moja hadi miguu inakufa ganzi. Nilipapenda mno. Na niliporudi London nikawa mtu asiyevumilika, maana kila mazungumzo, hata ya bei ya vitunguu, niliyapeleka Ghana.

Basi Mwakio akampata Akosua. Mwakio ndiye mdogo wangu wa mwisho, mama alipofariki nilimlea mimi, na alikuwa amefika miaka thelathini na sita akituambia kila Krismasi kwamba bado anaangalia. Akosua kazaliwa hapa hapa London, wazazi wake ni Waashanti wa Kumasi. Siku Mwakio aliponiambia wanataka kwenda kubisha hodi kwa kina Akosua, yaani posa, nililia kwa furaha, halafu nikafuta machozi nikasema neno ambalo hadi leo nalijutia.

"Niachie mimi. Ghana naijua."

"Dada, Akosua amesema tubebe tu chupa mbili za schnapps, mengine mama yake atatuelekeza."

"Pombe? Nyumba ya watu wa heshima unaipelekea pombe kali siku ya kwanza? Huyo msichana kazaliwa London, atajua nini?"

(Naomba mlipime hilo taratibu: mimi, mzaliwa wa Voi, nilisema Mwashanti hajui mila za Waashanti.)

Kule kijijini nilishuhudia posa kwa macho yangu. Wageni walileta mbegu za kola za kutafuna na kanga hai, wakachuchumaa, wakasalimu, wazee wakapokea, kila mtu akafurahi. Kwa hiyo kola nikanunua duka la Waafrika, kanga nikampata kwa mkulima mmoja nje ya mji, na Jumamosi asubuhi nikamchukua ndani ya boksi la kadibodi nililolitoboa matundu, miguu nimemfunga kitambaa kama nilivyoona wanaume wa kule wakifanya. Mwakio alipoliona boksi likitikisika akauliza ni nini. Nikamwambia heshima.

Tulikuwa watu watatu: mimi msemaji, Mwakio mwenye shida, na Mzee Righa, mjomba wetu kutoka Croydon, miaka sabini na miwili, magoti yake mabovu. Kwenye lifti nikamfundisha Mzee Righa kuchuchumaa.

"Hadi chini kabisa?"

"Hadi chini, Mjomba, na usiinuke mpaka wamalize kukusalimu."

Mlango ukafunguliwa, na jamani, walivyopendeza! Akosua kavaa kijani na dhahabu, mama yake hivyo hivyo (naye ni muuguzi mwenzangu), meza imejaa wali na kuku na ndizi za kukaanga, na kwenye kiti cha katikati amekaa Wofa Kwabena. Wofa kwao ndiye mjomba, kaka wa mama, na kwa Waashanti huyo ndiye mwenye neno, ametoka Manchester kwa shughuli hiyo tu. Mimi sikujua. Kule kijijini kwangu neno lilikuwa la baba. Kwa hiyo nikampita Wofa Kwabena kana kwamba ni kiti, nikaenda moja kwa moja kwa baba wa Akosua, nikachuchumaa, nikampa ishara Mzee Righa naye akachuchumaa, nikaanza kusalimu kwa lugha ya kule kaskazini, ambayo hakuna mtu hata mmoja ndani ya nyumba ile aliyeijua.

Wakatazamana. Hakuna aliyeitikia. Na kwa kuwa hakuna aliyeitikia, hakuna aliyemaliza kutusalimu, na Mzee Righa, mtu mtiifu, akabaki chini. Nikarudia salamu kwa sauti zaidi. Mzee Righa akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, kisha akaanguka kiubavu kwenye kapeti huku amenishika sketi.

"Moyo!" akapiga kelele mama Akosua, akaruka, akamshika mkono kupima mapigo, akaagiza madirisha na mlango wa baraza vifunguliwe mgonjwa apate hewa. Mzee Righa anasema, "Ni magoti, mama, ni magoti," lakini kwa Kitaita chetu, maana akishtuka hupoteza lugha nyingine zote. Mwakio katika kukimbilia kumwinua akalipiga boksi teke.

Kile kitambaa nilikuwa nimekifunga vibaya. Kanga alitoka kama mtu aliyechelewa kazini, akapanda kwenye wali, akapita juu ya keki, akapiga zile kelele zake (waliowahi kufuga wanajua, ni kama mlango wenye kutu ukifunguliwa na kufungwa mara mia), shangazi mmoja akapanda kochini na viatu, kisha ndege wa watu akaona ule mlango wa baraza uliofunguliwa kwa ajili ya Mzee Righa, akaruka nje. Kutoka ghorofa ya nne! Tukakimbilia barazani sote. Alitua salama kwenye paa la gari chini, akaanza kutembea, na majirani wakatoa simu kurekodi. Baadaye nilisikia alipatikana na mama mmoja mwenye bustani, na huko ndiko anakoishi hadi leo, ananenepa.

Tuliporudi ndani tukaketi tena. Wofa Kwabena akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Dada, mmetuletea nini?"

"Kanga, baba. Na kola."

"Na vinywaji?"

"Hatukuleta."

Akatikisa kichwa. "Kwetu, mgeni asipoleta kinywaji hatuwezi kumuuliza amekuja kwa nini. Kwa hiyo leo hamkuja. Hatukuwaona." Kisha akaniinamia, na nadhani alikuwa anazuia kicheko, ila wakati ule mimi niliona hasira tupu. "Mlichofanya ni cha watu wa kaskazini, watu wazuri sana. Sisi si wao. Wewe ni Mkenya. Nikija kwenu kuposa nimejifunga shuka la Kimasai, nikarukaruka sebuleni, wazee wenu watanielewaje?"

Akosua alikuwa amejifunika uso na viganja, na sikuweza kujua analia au anacheka, na Mwakio alikuwa amesimama karibu na keki iliyokanyagwa akiitazama tu.

Kwenye basi Mwakio aligeukia dirishani. Mzee Righa alikaa kati yetu akijipaka dawa ya magoti. Tulipokaribia kushuka ndipo Mwakio akasema, bila kunitazama, "Dada, ulikaa miezi saba kwenye kijiji kimoja." Basi. Kule wodini yupo mwenzangu wa Kizungu aliyewahi kuniuliza kama namfahamu rafiki yake anayeishi Nigeria, nikamnunia wiki mbili. Wiki mbili nzima! Na mimi niliichukua nchi nzima ya watu nikaitia ndani ya ua wa Mma Azara. Nilijisikia vibaya, na vibaya zaidi kwa Mwakio, ambaye hajawahi kuniomba kitu kikubwa ila hiki. Nikamwomba msamaha pale pale kituoni, mvua ikininyeshea.

Wofa Kwabena akatuma neno turudi baada ya wiki mbili, na faini ya chupa moja ya ziada. Safari ya pili msemaji akawa Mzee Righa, amekaa kitini kama mfalme. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko wa chupa na kufunga mdomo. Akosua akaulizwa mara tatu kama vinywaji vipokelewe, kama desturi yao ilivyo, na mara tatu akasema vipokelewe, na Mwakio akatabasamu hadi nikaona meno ambayo sikuyaona tangu utoto wake. Halafu Wofa Kwabena akageuka.

"Na dada yake bwana harusi, yeye hana neno?"

Nyumba nzima ikanigeukia. Nilikuwa nalo neno, nisiwadanganye, nilikuwa na hotuba kamili, yenye utangulizi. Nikaimeza yote.

"Hapana, baba," nikasema. "Mimi leo nimesindikiza tu. Nimekuja kujifunza."

Walicheka hadi shangazi yule akapiga makofi, na Wofa Kwabena akanimiminia glasi ya kwanza kwa mkono wake. Na mtu akiniuliza siku hizi Ghana kukoje, namwambia amuulize Mghana, tena amuulize ni wa wapi kwanza.