Jibini ya Mama Katika Friza ya Jirani

Miaka ile ya themanini Malindi ilijaa hoteli mpya, na kila hoteli ilikuwa na jibini yake, ikiliwa na Wazungu waliokuja kuota jua. Sisi wa mji wa kale tuliisikia tu. Vijana wetu waliofanya kazi huko waliiita chizi, wakaisimulia kama watu walioonja maziwa yaliyooza wakanusurika. Mama hakulitaka jina hilo. Yeye aliiita jibini, kama babake aliyekuwa akiletewa na jamaa zake wa Uarabuni mama alipokuwa mtoto, na alisema ile ya kweli ni nyeupe, ina chumvi, na huliwa kwa mkate wa mofa na chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa.

Nalikumbuka neno hilo kwa sababu ndilo lililomfanya ainue kichwa, mwaka alioacha kula.

Ugonjwa wake ulikuwa wa tumbo. Hospitali walimtazama, wakamrudisha nyumbani, wakatuambia tumpe chochote atakachokubali. Maneno mepesi hayo, kwa asiyepika. Nilimpikia uji wa mchele, akaukataa. Tambi za maziwa akazikataa. Nikachemsha supu ya changu, nikaichuja mara mbili isiwe na mwiba, naye akageuza uso ukutani. Tulikuwa nyumbani watatu tu, yeye, mimi na khalati, mdogo wake mama, na kila sahani iliporudi jikoni kama ilivyokwenda nilitamani kuibamiza sakafuni. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka kwa sura ya hasira.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Uarabuni. Alipopata habari alikuja kwa likizo fupi, na katika mizigo yake akatoa debe dogo la bati. Alipolifungua, mapande meupe yalikuwa yamezama ndani ya maji ya chumvi.

"Jibini hiyo?" mama akauliza kitandani.

Akala pande zima. Akala na mofa, akanywa na chai, akajipangusa mdomo kwa upande wa leso. Khalati alipiga kigelegele kama aliyepata bi harusi. Kaka alikwenda kusimama uani, akarudi na macho mekundu. Likizo yake ilipokwisha alituachia debe likiwa limejaa zaidi ya nusu, akaniambia niligawe vizuri, limshike mama mpaka atakapotuma jingine. Nikajiambia tumepona. Kama jibini ipo, mama yupo.

Siku ya pili yake nilitoka kwenda kuchukua mofa, niliporudi nikamkuta khalati ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, anatabasamu. Mbele yake palikuwa na bakuli la udongo, na ndani yake mapande ya jibini yamepangwa yakimeremeta.

"Nimekuoshea," akasema. "Maji yale yalikuwa yanuka, mwanangu. Nimeyamwaga, nikapitisha ndimu, nikasuuza mara tatu. Sasa haina shombo hata kidogo."

Lazima uelezwe kwetu watu wanavyoishi ndipo uelewe. Kitu chochote kitokacho kwa mnyama au baharini hakiwekwi bila kuoshwa kwa ndimu. Kuku huoshwa, pweza huoshwa, na mwanamke asiyeosha husemwa mtaa mzima. Khalati aliona maji yenye harufu, akafanya alichofunzwa tangu utoto wake, kwa mapenzi. Maji yenyewe, ambayo ndiyo yaliyoizuia jibini isioze, yalikuwa yamekwisha nywewa na mgomba uani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, naye akalia, na mama akaita kutoka chumbani kuuliza nani kafa.

Haikuchukua siku nyingi jibini ikaanza utelezi. Nilitengeneza maji ya chumvi kwa kukisia, nikaitia. Mama alipoonja alikunja uso kama aliyemeza maji ya pwani. Nikaipunguza chumvi, utelezi ukarudi. Friji yetu ilikuwa ndogo, na kile kijumba chake cha barafu kilinuka samaki hata ukikisugua kwa majivu. Nikaona njia ni moja tu, kuigandisha, na igandishwe pahali pasipo samaki.

Friza ya namna hiyo ilikuwa moja mtaani petu, ya jirani yetu Mhindi, mke wa mwenye duka la vitambaa. Nyumba yao hawakula nyama wala samaki, hata yai halikuvuka kizingiti. Alizaliwa papo hapo mjini, na Kiswahili chake kilininyamazisha mimi mara nyingi. Nilimweleza shida yangu mlangoni bila hata kuamkua sawasawa. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Jirani, maziwa haya yamegandishwa kwa kitu gani? Kuna jibini hugandishwa kwa tumbo la ndama."

Sikujua. Aliyejua, kama alijua, alikuwa amekwisha panda ndege. Ningeweza kusema ni ndimu tu, na mwenyewe asingepata njia ya kuhakikisha. Nikasema, "Sijui. Ila mama hali kitu kingine."

Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la chuma lenye mfuniko wa kubana.

"Itie humu," akasema. "Mfuniko usifunguliwe ndani ya nyumba yangu. Ukija utachukua kopo zima, ukafungulie kwako, unirudishie limefungwa. Na mamako mwambie namwombea."

Tuliikata mimi na khalati, vipande vya mlo mmoja mmoja, tukavitia katika vile vifuko vya nailoni ambavyo watu huuzia barafu za ubuyu, tukafunga fundo. Khalati hakuthubutu hata kuitazama ndimu iliyokuwa dirishani. Tukapeleka kopo, jirani akalipangia pembe yake peke yake, chini, mbali na mboga zake.

Asubuhi nilipoleta kifuko cha kwanza na kukiacha kiyeyuke, nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikafungua fundo. Jibini ilimwagika katika kisahani, punje punje, chepechepe, na maji meupe pembeni. Haikuwa pande tena. Niliikusanya kwa kijiko, ikasambaratika. Niliikanda na siagi ishikane, ikakataa. Mwisho nikaipaka juu ya mofa ya moto, nikampelekea nikiwa nimeuficha uso kwa tabasamu.

Mama aliitazama. "Chicha hii," akasema.

Na ilikuwa chicha kweli, kama nazi iliyokamuliwa tui lote ikabaki makapi. Hata hivyo alikula kidogo. Na siku iliyofuata akala kidogo. Kila asubuhi nilikwenda mbio kwa jirani, nikarudi na kopo kifuani, nikafungua kwetu, nikalirudisha. Siku stima ilipokatika mtaa mzima nilikwenda kukaa kwa jirani mchana kutwa, nikiilinda friza isifunguliwe, na yule mama wa watu akaifunika kwa mafarishi yake mazuri ya kitandani bila mimi kumwomba. Mama alizidi kukonda. Mimi nilihesabu vilivyomezwa tu. Akimeza, nilisema moyoni bado yuko.

Kisha asubuhi moja nilimletea kijiko mdomoni, akaushika mkono wangu. Vidole vyake havikuwa na uzito.

"Imebaki nyingi kwa jirani?"

Nikamwambia ipo ya kutosha, asiwe na wasiwasi, na kaka atatuma nyingine. Nilidhani anaogopa itakwisha. Akafumba macho, akayafumbua.

"Mwanangu, mimi jibini ilinishinda tangu kakako alipoondoka. Nalikula kwa kuwa nikimeza nakuona wafurahi. Sasa hata kumeza siwezi."

Nilisema ajaribu. Nilisema kidogo tu, punje mbili. Nilisema nimetoka mbio, nimekwisha kuiyeyusha, hairudi tena kwenye barafu. Maneno yalinitoka yenyewe, na sikumwacha anijibu.

"Ile iliyobaki," mama akasema, "nisamehe."

Kwetu mtoto ndiye amwombaye mamake radhi. Humshika miguu, naye mama hutoa au huzuia. Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu radhi kwa ajili ya chakula, tena mimi, niliyenyonya kwake. Alikuwa akinitazama kama mtoto aliyeshiba anayengoja aruhusiwe kuinuka mkekani.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Akauachilia mkono wangu. Kijiko kilikuwa bado kimejaa, nami sikujua pa kukiweka.