Kamiyoneti ya Papa Iliyosoma Kinyume

Enzi zetu hapa Kindu, esanse ilikuwa kitu cha kuheshimiwa. Vita ilikuwa imefunga reli, mashua za mto Lualaba zilikuwa hazipandi tena, na ile petroli kidogo iliyofika iliuzwa kwa chupa za bia zilizozibwa kwa plastiki. Watoto tuliijua harufu yake kama tulivyoijua ya mawese. Vijana wa pikipiki wa siku hizi wanaishiwa katikati ya njia, wanailaza pikipiki ubavu ili matone ya mwisho yateremke, wanaondoka wakicheka. Haya, wacheke.

Papa alikuwa na kamiyoneti kuukuu, urithi wa baba yake, ya kubebea mchele kutoka vijijini. Kipimo chake cha mafuta kilipokufa alifunga kingine, kilichotolewa kwenye lori bovu, maana kipya hakikupatikana. Tangu hapo mshale ukaanza upuuzi. Papa akijaza, mshale unalala chini. Akitembea hadi gari likohoe na kuzimika, mshale uko juu kabisa, unajidai tangi limejaa.

Papa hakuwa mtu wa hasira. Alisafisha waya, akakwangua kutu pale unapofungwa kwenye bodi, wapi. Mwishowe akachomoa boya linaloelea ndani ya tangi, akaniketisha kwenye usukani, mimi bintiye mkubwa, nisome.

"Zaina, inapanda ao inashuka?"

"Inashuka, Papa."

"Na sasa?"

"Inapanda."

Kumbe kila alipoinua boya, mshale ulishuka. Kipimo cha lori na boya la gari letu vilihesabu kinyume. Mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, pembeni, hakuinua hata macho. "Njia ya mwongo ni fupi, Baba Zaina. Toa hiyo kitu."

Papa angekitoa, lakini wiki ile wenye bunduki walianza kuzunguka mitaani wakichukua magari. Wakaingia hadi ndani ya ua wa lupango letu. Mmoja akawasha, akatazama mshale, akasonya. "Haina kitu." Wakaenda kwa jirani, wakachukua la kwake. Tangi letu lilikuwa limejaa. Basi kipimo kikabaki, na Papa hakukubali tena tangi lishuke, maana likikauka mshale ungepanda na kuwaita. Hata chumvi ikikosekana nyumbani, esanse kwanza, na Mama alinung'unika sana.

Kisha chupa zikapotea sokoni. Papa alitumia esanse yote aliyokuwa nayo kumpeleka hospitali mke wa jirani yuleyule, aliyeshikwa na uchungu, akarudi na tangi kavu. Alikuwa bado ameinama kuchomoa waya wa kipimo, mshale usimsaliti, wakati wale wenye bunduki walipoingia. Waliuona mshale juu, wakafurahi. Wakamwamuru awapeleke njia ya Kampene.

Papa alimgeukia Mama, sauti yake ya kawaida tu. "Mama Zaina, weka sombe ku moto. Siendi mbali."

Mama akaiweka. Sote tulijua gari lingezimika, na tulijua wangemwona nani mwongo. Niliogopa kuliko siku mabomu yalipoanguka mjini. Sombe ikaiva, ikakauka, ikashika sufuria, na Mama hakuiepua.

Papa alirudi asubuhi, kwa miguu, bila viatu, uso umevimba. Gari lilizimika kwenye mlima wa kwanza. Walimpiga wakidai ameficha mafuta, wakamwacha majanini. Mama alimsongea bukari, ugali wetu, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza kula. Baadaye majirani walikwenda kuisukuma kamiyoneti hadi nyumbani.

Leo anaiendesha mwanangu. Ameifungia kipimo kipya, cha kweli, na esanse inauzwa kila kona, hata watoto wanaichezea. Akijaza tangi ananiita nione. "Mama, angalia, iko juu kabisa!" Namwambia vizuri, mwanangu. Simwambii kwamba hadi leo, nikiona mshale wa gari lolote uko juu, nageuka kutazama mlangoni wanaingia akina nani.