Miwani ya Marehemu

Tangu vita vifunge barabara ya Uvira, miwani mipya haifiki Bukavu, na zahanati ya parokia huomba ile ya marehemu. Mimi nilitoa ya mke wangu. Juma hili nilirudi kuiomba, kwani nyumbani hakuna kingine kilichogusa uso wake kila siku.

Nilimkuta mama mmoja wa kijiji cha Miti ameivaa. Hajui kusoma, kwa hiyo muuguzi alikuwa akimpima kwa sahani ya maharagi. Vidole vya mama vilichomoa jiwe, kisha jingine. Akainua uso, akamtazama muuguzi, akacheka.

"Dokta, kumbe uko na mvi! Sauti yako ilikuwa inanidanganya."

"Maman, angalia maharagi, si mimi."

"Naona vyote. Mwenye alitoa hii miwani, Mungu amuongezee miaka."

Muuguzi, anayenijua, aliinamisha kichwa.

"Na weye papa, unatafuta nini?" mama akaniuliza.

"Dawa ya macho," nikasema.

Akanisogelea, akanichunguza kupitia vioo vile vile.

"Kweli, iko mekundu. Pole sana, papa."

Msomaji, niliyekuja kumnyang'anya macho ndiye aliyenipa pole, nami nikaipokea pole hiyo, miwani nikamwachia.